Mguu Wangu kwenye Njia ya Bule

Kama umelala sasa hivi na mguu wako umeinuliwa juu ya mito, na kila anayeingia kukuona anabana pumzi kidogo kabla ya kukusalimu, basi ninakuandikia weye. Ile pumzi naijua. Niliiona kwenye nyuso za watu wakati wa mvua, wakati wa kiangazi, na mvua iliporudi tena. Sitakufundisha udaktari kwa sababu sina. Nitakuambia tu namna nilivyoogopa, maana nilipokuwa pale kitandani nilidhani ni mimi peke yangu ninayeogopa vile, na nikawa naona haya.

Jina langu ni Faustin. Kazi yangu ilikuwa kubeba maharagi kwa baiskeli kutoka soko la Bule, kwenye vilima vya Djugu, mpaka Bunia. Siye watu wa kazi hii baiskeli tunaiita kinga. Unafunga gunia nyuma, unafunga fimbo ndefu kwenye usukani, unasukuma kupanda na kuzuia kushuka. Kabla ya vita tulikuwa tunashindana nani atafika mjini kwanza, na aliyebaki nyuma alizomewa njia nzima.

Mke wangu Denise ni mtu wa Bule. Mimi ni mtu wa upande mwingine. Makabila yetu sitayaandika hapa. Anayeijua Ituri, jimbo letu, atayajua, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu. Ila elewa hili: vita ilipokuja, kulikuwa na mahali ambapo mimi ningeuawa kwa matamshi yangu tu, na mahali ambapo yeye angeuawa kwa matamshi yake. Na njia yetu ya kurudi nyumbani ilipita kote kuwili.

Tulikuwa tumekwenda Bule pamoja kwa sababu mama yake aliugua. Mtoto wetu Neema, aliyekuwa ameanza tu kusema vizuri, tulimwacha Bunia kwa mama yangu, kwenye kitongoji cha Shari. Mama mkwe akapata nafuu. Lakini asubuhi tuliyopanga kurudi tuliona moshi nyuma ya vilima, moshi mweusi wa nyumba za nyasi, na watu wakaanza kupita wamebeba magodoro kichwani. Walisema barabara kubwa imefungwa. Mama mkwe alikataa kuondoka. Alisema yeye ni mzee, nani atajisumbua naye. Denise alimwangalia mama yake, akaangalia njia, akasema neno moja tu: "Neema." Tukafunga gunia la maharagi kwenye kinga, maana hatukujua Bunia tutakula nini, tukashika njia za ng'ombe zinazopita juu kwa juu.

Ilikuwa katikati ya msimu wa mvua. Kule juu mvua haina huruma. Inakuja na ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye meno, na nguo hazikauki hata ukizilalia. Siku ya kwanza tulilowa chapachapa. Siku iliyofuata ikaja mvua ya mawe. Yalitupiga kichwani na mabegani mpaka tukachuchumaa chini ya gunia kama kuku. Ilipopungua nikasema tushuke haraka, giza lisitukute juu. Mteremko ulikuwa udongo mwekundu, umekuwa sabuni tupu. Raba za breki zilikuwa zimekwisha. Nilikita kisigino ardhini ili nizuie mzigo, kama tulivyozoea wote, na kisigino kikateleza. Kinga ikageuka na gunia lake, ikanilalia mguu juu ya jiwe.

Uchungu haukuja mara moja. Ilitangulia sauti, kama unapovunja tawi la mkaratusi lililokauka. Nikaangalia chini, nikaona kitu cheupe kimetokeza katikati ya muundi, kimejaa matope. Nilidhani ni kipande cha jiwe kimenichoma. Nikanyoosha mkono nikitoe.

Denise akanikamata mkono. "Uache! Usiguse! Hiyo ni weye."

Hapo ndipo uchungu ukafika, wote kwa pamoja.

Aliosha kidonda kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye bache, turubai tuliyofunikia gunia. Akavunja matawi mawili, akakata mpira wa ndani wa akiba vipande virefu, akaufunga mguu wangu kati ya matawi. Mfupa haukurudi ndani vizuri. Kisha akafungua gunia, akamwaga maharagi yote majanini, akabakisha kiasi cha kufunga kwenye kitambaa cha kichwa. Nilipoona maharagi yanamwagika nikaanza kulia kwa sauti. Mguu sikuulilia, nililia maharagi. Hata leo sijui kwa nini, lakini kama weye pia ulililia kitu cha ajabu siku ile, usijione mjinga.

Alinipandisha nyuma, pale gunia lilipokuwa, akaunyoosha mguu wangu juu ya fremu na kuufunga hapo. Denise si mwanamke mkubwa. Nilikuwa naona mgongo wake tu, blauzi imeshikana na ngozi, na mvuke unatoka mwilini mwake kwenye ile baridi. Kila jiwe la njia lilipita kwenye gurudumu, likaingia kwenye mfupa wangu. Alipochoka alisimama, akaegemea usukani bila kusema kitu, kisha akasukuma tena.

Kabla ya barieri ya kwanza, kizuizi cha wapiganaji njiani, tulikuwa tumeshapatana. Wale walikuwa watu wa upande wake. Mimi ningekuwa kaka yake, bubu tangu kuzaliwa. Nikifungua kinywa hata kusema "Mungu wangu," wangenijua.

Ilikuwa kamba tu, imefungwa kati ya miti miwili, na wanaume wanaota moto kando yake.

"Simama! Munatoka wapi?"

"Bule. Siye ni watoto wa Bule," Denise alisema, kisha akaendelea kwa lugha ya kwao, akataja kijiji, akataja mama yake.

Mmoja alikuwa na koti la mvua la manjano na panga mkononi. Akanizunguka taratibu. "Na huyu?"

"Ni kaka yangu. Alianguka na kinga. Haisemake, alizaliwa vile."

"Bubu." Akatikisa kichwa. "Siku hizi kila mutu iko bubu." Akainama, akashika ncha ya tawi lililofungwa kwenye mguu wangu. "Acha tuone kama ni bubu ya kweli."

Akalipinda.

Uchungu wenyewe siwezi kukuandikia. Lakini kilichoniogopesha zaidi yalikuwa maneno. Yalijaa kinywani yote kwa mara moja: mama, Yesu, acha, nakuomba. Kila moja lingeniua. Nilifungua kinywa nikatoa sauti ya ng'ombe anayechinjwa, na huku ninaitoa nikawa nasikiliza, kwa hofu, neno lisije likatoroka ndani yake. Mkojo ukanitoka, ukanichoma miguu kwa joto lake.

Denise hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayezungumza sokoni, "Kama unataka kumuua, umuue. Lakini utanisaidia kumubeba mpaka kwa mama yetu, sababu mimi nimechoka."

Wale wa motoni wakacheka. Mwenye koti la manjano akaachia tawi. Kamba ikashushwa, tukapita juu yake.

Tulipozunguka kilima, Denise aliegemeza kinga kwenye kichuguu, akatapika. Mimi nilitaka kumwambia pole. Nilijaribu, sauti ikakataa. Nilibaki bubu kweli mpaka siku iliyofuata.

Siku zilizobaki nazikumbuka vipande vipande. Homa ilianza kama baridi ya kawaida, kisha nikawa naona vilima vinatembea. Mvua haikukatika. Denise alinifunika kwa bache, na chini ya bache ndiko nilikoanza kusikia harufu. Mwanzoni nilidhani tumepita karibu na mzoga. Nikamwuliza kama na yeye anasikia. Akajibu, "Ni mvua." Baadaye alipoufungua mguu niliona funza kwenye kidonda. Hakuwagusa. Akafunga tena, akaangalia pembeni. Nilimwomba aniache kwenye nyumba ya kwanza tutakayoikuta, aende kwa mtoto.

"Nyamaza," alisema. "Weye ni bubu."

Karibu na mji mdogo wa Iga Barrière tulikuwa tumeshaingia upande wa watu wangu. Sasa aliyepaswa kunyamaza alikuwa yeye. Tulibisha kwenye nyumba ya mjane mmoja, Mama Régine, tukiomba kujikinga mvua. Nilisema mimi yote. Denise alisema neno moja tu alipopewa kiti: "Aksanti."

Yule mama akamtazama kwa muda. "Bibi yako ni wa kule juu," akaniambia.

Nikaanza kutunga uongo. Akainua mkono kunikatiza.

"Watoto wangu wanaume iko mu hii vita. Watarudia hapa mangaribi. Ngoja maji ipate moto, tuoshe hii muguu, halafu muende. Nisiwaone tena."

Alitia chumvi kwenye maji. Na huku ananimwagia, akamfundisha Denise salamu ya kwetu. Maneno yenyewe si magumu. Shida ni namna ya kuishusha sauti mwishoni, na mtu wa Bule hupenda kuipandisha.

"Hapana, ushushe. Rudilia."

Denise anarudia. Maji yanamwagika, mimi nauma mkono wangu nisipige kelele.

"Bado. Unaimba. Siye hatuimbake. Rudilia tena."

Ndivyo ilivyokuwa, mimi nalia, mke wangu anasalimu, na huyu mama ambaye watoto wake wangetuua anamsahihisha kwa uvumilivu wa mwalimu wa katekisimu. Mwishoni alivua kitenge chake mwenyewe, akamfunga Denise kiunoni kwa mtindo wa kwetu. Hakutusindikiza mlangoni.

Barieri ya pili ilikuwa mapipa mawili yenye nguzo juu yake. Wakaniuliza, nikajibu, lakini kwa homa ile sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba niliogopa kuzimia. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wetu; nikizimia, Denise angebaki peke yake na salamu moja. Akaisema. Akaishusha mwishoni.

"Sema tena," mmoja akamwambia.

Akasema tena. Yule mwanaume akaweka bunduki begani, akaja karibu ili amwangalie usoni, na alipofika usawa wa mguu wangu upepo ukageuka. Nilimwona anasimama kama mtu aliyegonga ukuta.

"Eh Mungu! Huyu mutu amekwisha kuoza!" Akaziba pua kwa kiwiko. "Muwapitishe! Muwapitishe! Muondoe hii harufu hapa!"

Nguzo ikainuliwa haraka. Denise alisukuma kinga akikimbia, na mimi nyuma nikiruka kama mzigo uliofungwa vibaya. Ule uozo uliokuwa unaniua ulitupitisha. Nikwambie ukweli, hata nilipokuwa nauchukia baadaye hospitalini, nilikuwa nauchukia kwa adabu.

Tulipofika Shari, Neema aliponiona alikimbia akajificha nyuma ya bibi yake. Mama yangu hakulia. Aliugusa mguu wangu, akamtazama Denise kutoka kichwani mpaka kwenye kile kitenge cha mtu mwingine, akasema, "Umenirudishia nini?"

Hospitali ilikuwa imejaa hata barazani. Walitundika bache uani, na chini yake tulingojea. Waliopigwa risasi na waliokatwa mapanga waliingia kwanza, na ilikuwa haki. Kando yangu alilala mwanamke asiye na mkono. Aliniuliza nimepata nini, nikajibu kwa sauti ya chini kwamba nilianguka na kinga. Akasema, "Pole, kaka yangu," kwa moyo wote, na nikatamani ardhi inimeze. Kama weye pia uliumia kwa jambo dogo mahali penye watu walioumia kwa mambo makubwa, jua kwamba mfupa hauulizi ulivunjikaje.

Dokta alipofika aliufungua mguu, akainama, akawatazama funza. "Hawa wamekusaidia," alisema. "Wamekula kilichokufa." Kisha akawaambia mama na Denise kwamba pengine mguu utakatwa chini ya goti. Kwanza watajaribu kuosha, kutoa mfupa uliokufa na kuacha kidonda wazi. Homa ikikataa kushuka, watakata.

"Walimuvunja, sasa munataka mukate!" mama yangu akapaza sauti.

"Alianguka, mama," Denise alisema.

"Alianguka kwenu."

Toka siku ile mama hakumsemesha. Denise akawa ndiye garde-malade wangu, yaani mtu wa nyumbani anayelala chini karibu na kitanda, anayepika, anayefua na kumwaga. Nyumbani Shari hakukaribishwa. Mama alileta sahani moja ya fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, akaniwekea mimi, akakaa mpaka niishike mkononi, na Denise alikula nilichobakiza. Nilijifunza kushiba upesi. Neema aliletwa siku moja moja. Alikuwa anamkumbatia mama yake huku akiangalia kama bibi anakasirika.

Waliniingiza kwenye chumba cha kuoshea mara nyingi mpaka nikalijua kila doa la dari yake. Usiku wa kuamkia siku ya kuoshwa sikuweza kula. Asubuhi zote muganga, yaani muuguzi wa chumba chetu, alipita na kipima homa, na hicho ndicho kilikuwa hakimu wangu. Kabla hajafika nilikuwa nafungua shati na kupepea kwapa langu kwa kipande cha karatasi, lipoe. Siku moja akanikuta.

"Papa Neema, unadanganya nani?"

Nikamwambia kweli kabisa: "Kisu."

Hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kitu ambacho hawakuwa na nafasi ya kukifanya, akangoja na mimi mpaka kile kipima kikatoa jibu. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Alinionyesha mwenyewe. Huruma ndogo kama hizo uzitunze, zitakupitisha wiki nzima.

Mwili ulibadilika. Paja langu likawa sawa na mkono wa Neema, au mimi niliona hivyo. Nywele zilibaki kwenye mto. Waliponiwekea plasta ngumu waliikata dirisha mbele ili kidonda kiendelee kufungwa kila siku, na kupitia dirisha lile nilikuwa natazama ndani yangu. Mvua zikaisha. Vumbi la kiangazi likaja, na mizinga ikasikika upande wa uwanja wa ndege. Wenye miguu walikimbia kuingia chini ya vitanda. Mimi sikuweza. Nilibaki juu, na Denise, ambaye angeweza kukimbia, alibaki juu pamoja na mimi, ameushika ukingo wa plasta.

Katikati ya kiangazi mwanamke mmoja wa sokoni alipita kati ya vitanda, akasimama kwa Denise kama anauliza bei ya kitu, akamnong'oneza. Mama yake wa Bule alikufa. Watu wa kijiji walikimbilia msituni hatimaye, akaenda nao, na mvua ikammalizia huko. Hakuna aliyejua kaburi liko wapi. Denise alikuwa anakunja vitambaa vya kidonda. Akaendelea kuvikunja. Kama angelia, chumba kizima kingemwuliza ni nani amekufa na ni wapi, na jibu lingetaja Bule. Aliniambia baadaye, akinifunga mguu, bila kuinua macho. Nilishika kichwa chake kwa mikono miwili. Hakutoa hata chozi.

Nadhani kuna mtu pale chumbani alisikia, au alikisia. Alasiri moja, saa ya wageni, waliingia wanaume wenye bunduki. Walitembea polepole kati ya vitanda.

"Tunatafuta watu wa kule. Tumeambiwa iko mumoja hapa. Mwanamuke."

Denise alikuwa amesimama miguuni pa kitanda changu. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, Neema mapajani. Mimi plasta ilinishika mpaka pajani. Sijawahi kuogopa vile, hata pale kwenye kamba, kwa sababu pale angalau nilikuwa na kazi ya kunyamaza. Hapa sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nawaona wanakuja, kitanda kwa kitanda.

Mama akamshusha Neema. Akavuta beseni chini ya kitanda, lile la usaha na vitambaa, akamsukumia Denise kifuani mpaka maji yakamwagikia nguo. Akafoka kwanza kwa lugha yetu, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Mutoto ya kuzaa mimi mwenyewe! Mara ngapi nakuambia umwage hii uchafu? Unataka kaka yako akufe na harufu? Toka! Toka mbele yangu, muvivu weye!" Akampiga kofi la mgongo, na halikuwa la mchezo.

Denise akainamisha kichwa, akaenda na beseni lake moja kwa moja kuelekea kwa wale wanaume. Wakampisha, nyuso wamezigeuza.

Ndipo Neema akasimama. "Mama!" akaita. "Mama, ngoja!"

Mama yangu akamdaka mkono. "Mama yako ni mimi, niko hapa. Kaa." Kisha akawageukia wale wanaume kwa hasira ileile, "Munaona? Mabinti wa leo, mupaka uwapige. Na nyinyi, mama zenu wanajua munaingia na viatu ya matope mahali pa wagonjwa?"

Mmoja akasema, "Pole, mama." Wakapita. Wakaangalia vitanda vilivyobaki, wakatoka.

Denise alikaa nyuma ya jiko la hospitali, kati ya majivu na sufuria za watu, mpaka mtu akaja kumwambia wameondoka. Aliporudi mama hakumkumbatia wala hakumwangalia. Alipokea beseni tupu, akalisukuma chini ya kitanda. Siku iliyofuata alileta sahani mbili.

Baada ya hapo njia ilikuwa ndefu tu, ya kuchosha. Mvua ziliporudi, kipande cha mfupa mweusi, urefu wa kidole, kilichungulia kwenye kidonda, na dokta akakitoa kwa koleo kama anang'oa mwiba. Alisema ndicho kilichokuwa kinalisha usaha wote. Usiogope ukiona mfupa wako unatoka; mimi niliogopa nikaficha kwa shuka siku nzima, na kumbe ndiyo ilikuwa habari njema. Plasta ikatolewa. Mguu uliokuwa ndani yake ulikuwa mwembamba, una magamba, mfupi kuliko mwenzake, na nilipotakiwa kuukanyagia nililia kama mtoto kwa hofu kwamba utavunjika. Wakaniruhusu nirudi nyumbani na magongo. Denise alirudi pamoja nami, kwa mama yangu. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Mkeka wake tulikuta umeshatandikwa.

Kidonda kilichukua muda kufunga. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga. Bunia wakati ule ilikuwa imetulia, utulivu wa mtu anayesikiliza mlango. Kila asubuhi Denise alikuwa ananifungua uani, anabonyeza pembeni ya kovu kwa vidole viwili, anasubiri tone. Kila asubuhi tone lilikuja.

Mpaka asubuhi moja halikuja. Akabonyeza tena. Akanusa kile kitambaa, akakigeuza, akanusa tena. Kikavu.

Alipiga yowe. Si yowe la furaha. Lilikuwa lile la msiba, alilolizuia tangu hospitalini, refu, la mikono kichwani. Alijitupa chini kwenye udongo wa ua, akaita, "Mama! Mama yangu eh! Mama!" Akagaagaa, na mimi na magongo yangu sikuweza hata kuinama nimshike.

Majirani wa Shari walikuja mbio. Wanawake walifika wamejifunga vitenge kiunoni, tayari kwa maiti. Wakafika uani wakanikuta mimi, waliyekuja kunililia, nimeketi kwenye kiti na mguu wazi, na mke wangu chini. Wakasimama. Wengi wao walijua Denise ni wa wapi. Kati yao walikuwamo waliopoteza watoto, na walijua ni kwa mikono ya upande gani.

Mama yangu akatoka jikoni. Alimtazama Denise, akanitazama mimi, akaelewa. Akaingia ndani, akatoka na mikeka yote ya nyumba, akaitandika pale uani mmoja mmoja mbele ya watu.

"Muingie," alisema. "Iko matanga hapa. Mama yake amekufa."

"Amekufia wapi?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Bule," mama yangu akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani. Kisha akaketi chini kando ya Denise, akanyoosha miguu, akaanza kulia naye.

Watu walibaki wamesimama. Nilisikia kuku wanaparua nyuma ya nyumba. Kisha mama mmoja, yule anayeuza mafuta ya mawese pale kwenye kona, akavua viatu vyake, akaviweka pembeni ya mkeka, akaketi.